Unter den Linden: namna ya kuitembea barabara ya gwaride

Wageni wengi wakifika Berlin huanzia Lango la Brandenburg. Wanashuka kwenye basi, wanapiga picha, wanaitupia jicho ile barabara pana inayoelekea mashariki, halafu wanaondoka wakiamini wameiona Unter den Linden. Ukiwa na nusu siku tu katika mji huo, nakusihi ufanye kinyume chao. Anzia mashariki, penye daraja na jumba la kifalme, umalizie langoni.

Sababu ya kwanza ni ya historia. Mwaka 1573 mtawala wa Brandenburg, Johann Georg, alitaka njia ya farasi ya kumtoa kwenye kasri lake hadi msitu wa kuwindia wa Tiergarten. Mwaka 1647 Friedrich Wilhelm akaamuru njia hiyo ipandwe safu za miti ya linden na mijozi. Lango tunaloliona leo lilikamilika mwaka 1791, zaidi ya karne mbili baada ya njia yenyewe. Kwa hiyo anayeanzia langoni anaisoma hadithi kuanzia mwisho. Hata namba za majengo zinakwenda hivyo: namba 1 iko karibu na daraja, na zinapanda kadiri unavyoelekea magharibi, witiri upande wa kusini na shufwa upande wa kaskazini. Kujua hilo peke yake kutakuokoa na kuvuka barabara ovyo ukitafuta jengo.

Sababu ya pili ni jua. Lango linatazama mashariki. Ukianza saa mbili asubuhi, jua litakuwa mgongoni mwako njia nzima, na ukifika langoni kabla ya adhuhuri utalikuta bado linaupiga uso wake. Jioni jua huwa nyuma ya lango, na picha zako zitatoka giza tupu.

Barabara yenyewe ina urefu wa takriban kilomita moja na nusu. Mtu mwenye haraka huimaliza kwa dakika 20. Wewe jipe saa tatu au nne.

Kabla ya kwenda, mambo machache ya usafiri. Uwanja wa ndege wa BER uko ukanda C, kwa hiyo ukitokea huko nunua tiketi ya ABC. Ukiwa mjini, ya AB inatosha. Tiketi ya karatasi hupigwa muhuri kwenye kisanduku kabla ya kupanda treni, na wakaguzi huvaa nguo za kiraia, hivyo usisubiri kumwona mtu mwenye sare ndipo ukumbuke. Panda treni ya chini ya ardhi, U5, ushuke Museumsinsel. Usitoke mbio. Kituo hicho kilifunguliwa mwaka 2021, na juu ya reli kuna dari ya buluu iliyokolea yenye taa zaidi ya 6,000 zilizopangwa kama nyota. Mbunifu wake, Max Dudler, aliichukua kutoka kwa Karl Friedrich Schinkel, ambaye mwaka 1816 alichora anga ya namna hiyo kwa ajili ya jukwaa la opera. Shika jina la Schinkel, maana utakutana naye tena muda si mrefu.

Miezi mizuri ni Juni na Julai mwanzoni, miti ya linden inapochanua na barabara nzima kunukia. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni, na upepo unaopita kwenye uwazi ule mpana unaingia mpaka mifupani. Ukienda wakati huo vaa viatu vya soli nene na uanze saa tatu.

Sasa mbinu yenyewe. Barabara ya gwaride hujengwa na wenye nguvu ili isimulie habari zao wenyewe: ushindi, elimu, dini, ukoo wa kifalme. Ukiitembea kwa kutazama majengo makubwa tu, utasikia sauti hiyo moja mwanzo hadi mwisho. Lakini Unter den Linden imepitiwa na mengi mno, na karibu kila penye jengo la kujitukuza pana kitu kingine hatua chache pembeni kinacholijibu. Kazi yako ni kuwatafuta wawili hao na kuwatazama pamoja. Ukishaizoea kazi hiyo, kitabu cha mwongozo kinaweza kubaki mfukoni.

Anza darajani, Schlossbrücke, lililojengwa na Schinkel kati ya mwaka 1821 na 1824. Juu yake kuna makundi manane ya sanamu za marumaru nyeupe, yaliyowekwa baadaye, katikati ya karne ya 19. Watu hupita katikati yake wakitazama simu. Wewe zunguka kila moja. Ni hadithi moja ya kijana na vita. Katika sanamu ya kwanza yeye ni mtoto, mungu wa ushindi anamfundisha habari za mashujaa. Kisha anafundishwa kutumia silaha, anavishwa silaha, anapigana, anajeruhiwa na kuinuliwa, anavikwa taji. Mwishoni amekufa, na mjumbe mwenye mabawa anambeba kwenda mbinguni. Sogea karibu na hiyo ya mwisho uitazame miili yao: hakuna jeraha linalotisha, hakuna uso uliokunjamana. Kifo kimefanywa kizuri. Askari waliopita hapa kwenda vitani walipita chini ya somo hilo.

Sasa tembea upande wa kaskazini, upite jengo la waridi la Zeughaus, ghala la silaha la zamani ambalo ni makumbusho ya historia ya Ujerumani. Lilifungwa mwaka 2021 kwa ukarabati mkubwa, kwa hiyo uliza kwanza kabla ya kulipangia muda. Jengo linalofuata ni dogo, lenye nguzo za mtindo wa Kiyunani: Neue Wache, namba 4. Nalo ni la Schinkel, la mwaka 1818, na lilijengwa kuwa kituo cha walinzi wa mfalme. Ingia. Hakuna kiingilio, na hakuna kitu ndani isipokuwa sanamu moja ya mama aliyeketi sakafuni, amempakata mwanawe aliyekufa.

Sanamu hiyo ni ya Käthe Kollwitz, iliyokuzwa kutoka kwenye umbo dogo alilolitengeneza miaka ya 1930, ikawekwa hapa mwaka 1993. Mwana wa Kollwitz, Peter, aliuawa vitani Oktoba 1914 akiwa na miaka 18. Juu ya mama huyo dari ina tundu la duara lililo wazi, lililowekwa na Heinrich Tessenow mwaka 1931 jengo lilipogeuzwa kuwa la kumbukumbu. Mvua ikinyesha inamnyeshea, theluji ikianguka inamrundikia mabegani. Tazama mikono yake: mmoja umefunika mdomo wake, kana kwamba anajizuia kusema. Ikiwezekana nenda siku ya mvua, ulione lile duara la maji kwenye sakafu ya mawe linavyopanuka taratibu huku pembezoni kukibaki kukavu.

Kutoka yule kijana wa marumaru hadi mama huyu hakufiki hata mita 300. Kwangu mimi hicho ndicho kipande chenye thamani kuliko vyote vya barabara hii, na ningekuwa na saa moja tu Berlin ningeitumia hapo, nikienda na kurudi. Wako Wajerumani wanaolilalamikia jengo hilo, kwa sababu linawakumbuka wahanga wote wa vita na udhalimu kwa pamoja, bila kuwatenganisha waliouawa na waliowaua. Hoja hiyo ina uzito. Simama ndani uipime mwenyewe.

Jengo la jirani, namba 6, ni Chuo Kikuu cha Humboldt. Hapa msomaji wa Kiswahili apunguze mwendo, maana lugha yetu ina maskani ya zamani katika chuo hiki. Mwaka 1887, miaka miwili tu baada ya Ujerumani kujitwalia nchi iliyoita Afrika Mashariki ya Kijerumani, kilianzishwa chini yake chuo cha lugha za mashariki ili kuwaandaa maofisa, wamisionari na wafanyabiashara. Kiswahili kilikuwamo tangu mwanzo. Maprofesa walikuwa Wajerumani, lakini waliowazoeza wanafunzi ulimi walikuwa watu wa kwetu: Sulaiman bin Said na Amur bin Nasur kutoka Unguja, na baada yao Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwanachuoni wa Bagamoyo, aliyefika Berlin mwaka 1900.

Mtoro ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa mwaka 1903 kwa jina la Carl Velten. Yeyote anayetaka kujua watu wa pwani walivyooana, walivyozika, walivyocheza ngoma na kuamua kesi zao karne ya 19 hawezi kukikwepa. Mtoro alioa Berlin, na alipojaribu kurudi pwani na mkewe Mjerumani, serikali ya kikoloni ilimkataza mwanamke huyo asishuke. Wakarudi. Alifariki Ujerumani mwaka 1927, na nchi yake hakuishi tena.

Ukiwa mbele ya lango la chuo, kati ya sanamu za ndugu wawili Humboldt zilizoketi kila moja upande wake, ujue kwamba ni wao utakaowaona wamechongwa. Mtoro hana sanamu hapo. Kiswahili bado kinafundishwa katika chuo hicho, na mara nyingi mlangoni huwa kuna meza za vitabu vya mitumba. Pekua, hujui utaokota nini.

Vuka barabara kwenda kusini, kwenye uwanja wa Bebelplatz. Vuka penye taa, na uwe mwangalifu na njia za baiskeli. Mjerumani aliye kwenye baiskeli hapunguzi mwendo kwa ajili ya mgeni aliyesimama kwenye njia yake kupiga picha, na kisheria haki ni yake.

Uwanja umezungukwa na jumba la opera, kanisa la Mtakatifu Hedwig na maktaba ya zamani ya kifalme. Yaache kwanza majengo hayo. Tafuta kioo cha mraba kilicholazwa sakafuni katikati ya uwanja. Usiku wa tarehe 10 Mei 1933 wanafunzi na wafuasi wa Hitler walichoma hapa maelfu ya vitabu, mbele ya chuo chao wenyewe. Mwaka 1995 msanii Micha Ullman aliweka chini ya kioo hicho chumba cheupe chenye rafu tupu, zinazotosha vitabu 20,000. Mchana wa jua kioo kinaakisi mawingu na nyuso zenu wenyewe, na wengi huinama sekunde mbili wakaondoka hawajaona kitu. Piga goti, zungushia mikono kando ya macho kama unayechungulia dirishani, na subiri. Rafu zitajitokeza moja baada ya nyingine. Jioni ni rahisi zaidi, kwa sababu chumba kinawashwa taa ndani. Kibao cha karibu kina maneno ya mshairi Heinrich Heine, aliyoyaandika zaidi ya miaka 100 kabla ya moto huo. Mwombe mtu akutafsirie.

Jengo la pembeni kidogo, namba 9, linaitwa Altes Palais. Wapita njia hawalijali, lakini sisi linatuhusu. Hapa aliishi Wilhelm wa Kwanza hadi alipofariki mwaka 1888. Alikuwa na mazoea ya kujitokeza kwenye dirisha la kona kutazama walinzi wakibadilishana zamu, na watu walijazana nje kumwona. Mfalme huyo huyo ndiye aliyetoa, tarehe 27 Februari 1885, hati ya kuilinda kampuni ya Carl Peters na mikataba ambayo Peters alikuwa ameikusanya kwa wiki chache Usagara, Nguru, Useguha na Ukami. Mkutano wa Berlin wa kuigawa Afrika ulikuwa umefungwa siku moja tu kabla. Tafuta lile dirisha la kona, kisha ukumbuke kwamba jibu lake liko mbele, nawe utalifikia.

Katikati ya barabara, mbele ya jengo hilo, yuko Friedrich wa Pili juu ya farasi, kazi ya Christian Daniel Rauch ya mwaka 1851. Mnara mzima una zaidi ya mita 13. Serikali ya kikomunisti ilimwondoa mwaka 1950, ikamrudisha mwaka 1980. Pita.

Kuanzia hapo ingia kwenye njia ya katikati, chini ya miti. Usishike vijia vya kando vyenye maduka. Katikati ndiko kunakokufanya uione barabara kama ilivyokusudiwa, na kuna mabenchi. Miti hii si ile ya kale. Iliyokuwapo ilikatwa miaka ya 1930 wakati wa kuchimba njia ya treni ya chini, na nafasi yake ikachukuliwa kwa muda na nguzo za bendera na miti midogo, jambo lililowachukiza sana wenyeji. Vita vilipokwisha, watu wenye baridi walikata kuni popote walipoweza. Iliyopo leo mingi ilipandwa kuanzia miaka ya 1950.

Ukivuka Friedrichstraße unaingia sehemu ya maduka ya zawadi, magari ya maonyesho na balozi. Ubalozi wa Urusi, namba 63 hadi 65, ni mzito wa mtindo wa enzi ya Stalin na unatosha kutazamwa ukiwa unatembea. Chakula hapa ni ghali na si kitamu; kama njaa inauma, ingia Friedrichstraße, au vumilia.

Hatua chache kabla ya lango, upande wa kushoto, inaingia Wilhelmstraße. Geuka. Kila mtu atakuwa anakwenda mbele, wewe geuka. Tembea kusini kama dakika kumi, ukipita ubalozi wa Uingereza, hadi namba 92. Utakuta majengo ya makazi ya enzi ya Ujerumani Mashariki, nguo zimeanikwa barazani, na kando ya njia bango la kumbukumbu. Karibu na hapo palikuwa na jumba la kansela, ambamo Otto von Bismarck aliwakaribisha wajumbe wa dola 14 wa mkutano ule wa kuigawa Afrika kuanzia tarehe 15 Novemba 1884 hadi tarehe 26 Februari 1885. Mwafrika hata mmoja hakukaa mezani. Jumba hilo halipo tena, limebaki bango. Hapa ndipo jibu la lile dirisha la kona. Lisome bango lote, hata kama unalazimika kutumia programu ya kutafsiri kwenye simu, kwa maana ramani za nchi zetu zina deni na mtaa huu kuliko na lango lolote.

Kisha rudi langoni. Carl Gotthard Langhans alilijenga kati ya mwaka 1788 na 1791. Juu yake lipo gari la farasi wanne la Johann Gottfried Schadow, ambalo Napoleon alilichukua kwenda Paris baada ya ushindi wake wa 1806 na ambalo lilirudishwa mwaka 1814. Njia zipo tano, na ile ya katikati ilikuwa ya watu wa ukoo wa kifalme. Januari 1933 wafuasi wa Hitler walipita hapa na mienge. Kuanzia 1961 lango lilifungwa nyuma ya Ukuta, na tarehe 22 Desemba 1989 likafunguliwa tena kwa watu wote. Pita ile ya katikati. Shika mkoba wako mbele, na usitie saini karatasi ya mtu yeyote anayekusogelea na ubao mkononi.

Ukishamaliza, shuka kwenye kituo cha Brandenburger Tor na urudi kwa U5 vituo viwili, uingie Humboldt Forum. Nimekuachia jumba hilo mwisho kwa makusudi. Asubuhi huwa halijafunguliwa, na Jumanne hufungwa siku nzima. Kasri la kwanza lilibomolewa mwaka 1950. Kwenye uwanja huo ikajengwa Palast der Republik, nayo ikabomolewa, na kasri likajengwa upya na kufunguliwa mwaka 2021, kuta tatu kwa sura ya kale na moja ya kisasa. Ndani yake, nyuma ya fahari hiyo ya kifalme, yapo makusanyo ya makumbusho ya mila, yakiwemo mengi kutoka Tanzania, na baadhi yalitekwa katika vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Soma kila kibandiko ukijiuliza kimeeleza kitu hicho kilipatikanaje, na kama hakisemi, muulize mhudumu. Swali hilo si ukorofi. Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier mwenyewe alisimama Songea akaomba radhi kwa yale yaliyotendwa.

Ukibahatika kupata siku ya pili, ifuate treni. U6 kutoka kituo cha Unter den Linden inakufikisha Naturkundemuseum, alikosimama dinosaria, mjusi mkubwa wa Tendaguru, Lindi, aliyechimbuliwa na wapagazi na vibarua wa Kiafrika kati ya mwaka 1909 na 1913. Kimo chake ni mita 13 na zaidi. Endelea na treni hiyo hiyo hadi Afrikanische Straße, na karibu na hapo utaikuta Maji-Maji-Allee. Hadi Agosti 2024 mtaa huo ulikuwa sehemu ya Petersallee.

Halafu nenda Rosenthaler Platz. Mbele ya Brunnenstraße 193 kuna kijibamba kidogo cha shaba nyeupe chenye jina la Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, askari mtoto wa vita vya kwanza, mwigizaji wa filamu na mwalimu wa Kiswahili hapa Berlin, aliyefia kambi ya Sachsenhausen mwaka 1944. Usikikanyage. Kutoka hapo U8 ya kuelekea Hermannstraße inakupeleka moja kwa moja hadi Hermannplatz, na mwendo mfupi kutoka kituoni uko mtaa wa Lucy Lameck, mwanasiasa wa Tanzania, uliobadilishwa jina mwaka 2021. Kabla ya hapo ulikuwa wa Hermann von Wissmann, aliyeyazima mapambano ya Abushiri.